Mapengo kwenye data ya kategoria: maswali ninayoulizwa kila mara hapa Lamu

Nakaa Lamu mjini na watu hunijia na mafaili yao, wengi ni wanafunzi wanaomaliza chuo, wengine ni makarani wa BMU, zile kamati za madiko, ambao kila siku wanaandika nani kashusha samaki gani kwa chombo gani. Data zao karibu zote ni za kategoria, yaani majibu ni majina na si vipimo: mshipi au nyavu au malema, mashua au mtumbwi, ana leseni au hana, kasoma mpaka wapi. Na karibu mafaili yote yana mapengo. Maswali ni yale yale kwa hivyo nimeona niyaandike mahali pamoja, ukisoma hapa kwanza tukikutana tutaanza mbele zaidi.

Pengo ni nini hasa? Si ni seli tupu tu?

Seli tupu ndo unachokiona, lakini nyuma yake kuna mambo tofauti kabisa. Chukua swali la leseni ya uvuvi. Seli inaweza kuwa tupu kwa sababu karani alisahau kuuliza, au mvuvi alisema hajui maana leseni hushughulikiwa na mwenye chombo, au alijua vizuri sana ila hakutaka kusema, au swali halimhusu kabisa kwa sababu yeye ni mchuuzi wa samaki na si mvuvi, au jibu liliandikwa na likapotea faili lilipohamishwa kutoka kwenye simu. Hizo ni sababu tano na kwenye Excel zote zinaonekana weupe mmoja.

Ndo maana huwa nasema kabla hujafuta wala hujajaza, lipe pengo jina lake. Kila kitu nitakachoandika huku chini kinategemea hilo.

Faili langu lina "hakuna", "hamna", "hana", "-" na "sijui" kwenye safu moja. Nizifanye zote tupu?

Usizifanye, tafadhali! Hili ndo kosa linaloniuma zaidi maana likishafanyika huwezi kurudi nyuma. Kwa lugha yetu "hakuna" ni neno lenye milango miwili. Umeuliza "unatumia zana gani?" na karani kaandika "hakuna". Je, mtu huyu hana zana, kwa mfano ni baharia tu anayepanda chombo cha mwenzake? Hilo ni jibu kamili na ni kategoria halali, hana zana yake mwenyewe. Au karani alimaanisha hakuna jibu? Hilo ni pengo. Sasa ukizigeuza zote kuwa tupu umewafuta maskini wasio na zana, na mara nyingi hao ndo uliokuja kuwatafuta.

"Hana" mara nyingi ni jibu. "Sijui" ni jibu pia, la aina yake. "-" haina maana mpaka umuulize aliyeiandika, kwa hivyo mtafute karani mapema wakati bado anakumbuka. Mimi niliwahi kufanya kazi na kikundi kimoja, tukachelewa miezi kuuliza, na alipopatikana kijana wa watu akasema wallahi sikumbuki nilimaanisha nini. Safu nzima tukaiacha.

Na kabla ya yote hakikisha "Mshipi", "mshipi " yenye nafasi nyuma na "mishipi" zimekuwa kitu kimoja, hizo si mapengo ila zinakuletea kategoria za uongo.

Na mtu akijibu "inshallah"?

Swali zuri na huku kwetu linatokea sana. Uliuliza "mwaka ujao utaendelea kuvua?" ukaweka ndiyo na hapana, mzee akasema inshallah. Karani mmoja ataandika ndiyo, mwingine ataacha wazi. Vyote viwili ni kumwekea mzee maneno mdomoni. Inshallah ya mtu aliyekwisha agiza nyavu mpya na inshallah ya mtu anayekuaga kwa heshima hazifanani, na anayeweza kuzitofautisha ni yule aliyekaa naye barazani. Mfunze karani aulize mara ya pili kwa upole, "nia yako ni kuendelea au unafikiria kuacha?", na bado akibaki hapo hapo basi kuwe na msimbo wake, "hakutaka kukata neno". Usimhesabu kama pengo, kajibu.

Nikiwafuta tu walioacha wazi kuna shida gani? Kila mtu hufanya hivyo

Hapa tukae kidogo, nitatumia mfano wa kutunga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme umehoji wavuvi 200. Waliosema wana leseni ni 84, waliosema hawana ni 56, na 60 hawana jibu. Ukifuta wale 60 unabaki na 140, na 84 kati ya 140 ni asilimia 60. Unaandika kwenye ripoti "asilimia 60 ya wavuvi wana leseni" na unalala usingizi.

Sasa gawa data kwa madiko. Diko la kwanza lilikuwa na watu 100, wakajibu 90, na kati yao 72 wana leseni, yaani asilimia 80. Diko la pili pia watu 100 lakini waliojibu ni 50 tu, na wenye leseni ni 12, yaani asilimia 24. Umeona? Wanaonyamaza wengi wako kwenye diko ambalo leseni ni chache. Ulipofuta mapengo ulilipunguza diko la pili sauti, ulikuwa na watu nusu kwa nusu na sasa una 90 kwa 50. Ukisema kila diko walionyamaza wanafanana na wenzao waliojibu, unapata 80 diko la kwanza na 24 diko la pili, jumla 104 kati ya 200, asilimia 52. Pointi nane zimetoka kwa sababu ya kufuta tu, hakuna aliyedanganya.

Na kama kwenye lile diko la pili walionyamaza ni hasa wasio na leseni, maana wanaogopa, basi hata 52 ni nyingi.

Basi si nijaze kwa jibu linalotokea zaidi?

Kwa mfano ule ule, jibu linalotokea zaidi ni "ana leseni". Jaza wale 60 wote uone, 144 kati ya 200, asilimia 72. Hiyo ndo namba kubwa kabisa inayowezekana kwenye data hiyo, umechukua dhana ya juu kuliko zote ukaiita usafi wa data. Kujaza kwa modi kunanenepesha kategoria kubwa, kunazimeza kategoria ndogo, na programu inaamini una watu 200 waliojibu kwa hivyo makosa ya kukadiria yanaonekana madogo kuliko yalivyo. Mimi siwashauri watu kufanya hivyo kwenye utafiti, labda pengo ni moja au mawili kwenye mia kadhaa na hata hapo sioni faida yake.

Kuna kitu rahisi ambacho nakipenda sana: fanya hesabu ya mipaka. Wote 60 wakiwa hawana leseni, jibu ni 84 kati ya 200, asilimia 42. Wote wakiwa nayo ni asilimia 72. Kwa hivyo bila kudhani chochote kuhusu walionyamaza unajua jibu la hawa 200 liko kati ya 42 na 72. Ni pana ndiyo, lakini ni kweli tupu, na mkubwa wa ofisi akiiona anaelewa mara moja kwamba mapengo 60 ni jambo zito.

Nasikia kuna MCAR, MAR na MNAR. Ni nini kwa Kiswahili cha kawaida?

Ni vifupisho vya Kiingereza vya aina tatu za pengo. Msingi wake ni Donald Rubin, mtakwimu wa Marekani, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu kwa nini data hukosekana. Mimi nazieleza hivi.

MCAR ni pengo la bahati tu. Fomu zililowa maji boti ilipopigwa na wimbi kutoka Faza, zikaharibika zozote zilizokuwa chini ya begi. Waliokosekana hawatofautiani na waliobaki. Hapa ukifuta unapoteza idadi lakini hupotoshi.

MAR ni pengo linaloelezeka na vitu vingine ulivyonavyo kwenye faili. Diko la pili lilinyamaza zaidi, na ukishajua mtu ni wa diko gani, kunyamaza kwake hakuhusiani tena na kama ana leseni. Hapa ile hesabu ya kwa kila diko inakurudisha kwenye njia.

MNAR ni pengo linalotokana na jibu lenyewe. Hana leseni, ndo maana kanyamaza.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba data yenyewe haiwezi kukuambia kama ni MAR au MNAR, maana ushahidi uko kwenye majibu usiyonayo. Unachoweza kukiangalia ni kama pengo linaambatana na vitu vingine: tengeneza safu mpya, kajibu ni 0 na hakujibu ni 1, halafu ipitishe kwenye jedwali na diko, umri, karani aliyehoji, msimu. Hiyo ya karani usiiruke! Mara nyingi mapengo yote yanatoka kwa mhoji mmoja na hapo umepata jibu lako. Yaliyobaki unayapata kwa kuwajua watu wa mahali.

Naweza kuweka "haijulikani" kama kategoria yake?

Inategemea unataka nini. Kwenye jedwali la maelezo, ndiyo tena nakuomba uweke, msomaji aone. Kwenye modeli ya kutabiri pia mara nyingi inafaa, kwa sababu kunyamaza kwenyewe kunaweza kuwa dalili.

Lakini kwenye rigresheni (modeli ya kupima kitu kimoja kinaenda vipi na kingine) ya kutafuta sababu, mfano unataka kujua kama mafunzo yanaongeza leseni na unadhibiti elimu, yaani unalinganisha waliosoma sawa, halafu elimu umeipa kundi la "haijulikani", hapo hapana. Ndani ya kundi hilo kuna waliosoma na wasiosoma wamechanganyika, kwa hivyo kwa watu hao elimu hujaidhibiti, na matokeo ya mafunzo yanaweza kupotoka hata kama mapengo ni ya bahati tu.

Na "halimhusu" isichanganywe kamwe na "haijulikani". Mchuuzi asiye na chombo hana pengo kwenye swali la aina ya chombo, hakuna jibu linalokosekana pale. Huyo unamtoa kwenye hesabu ya swali hilo, na ukimjazia umempa mashua asiyokuwa nayo.

Nikitumia Kobo, seli tupu za maswali ya kuruka nitazijuaje?

Kobo, ile programu ya kukusanya majibu kwa simu, ikiruka swali kwa sababu ya masharti uliyoweka, inaacha tupu, na swali lisilo la lazima ambalo karani kalipita nalo ni tupu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Rudi kwenye sharti lenyewe: kama swali la chombo linatokea kwa wavuvi tu, basi tupu kwa mchuuzi andika "halimhusu" na tupu kwa mvuvi ni pengo la kweli. Kwenye maswali ya kuchagua zaidi ya moja, ukitoa faili kila chaguo lina safu yake ya 0 na 1, sasa 0 maana yake kaulizwa na hakuchagua, tupu maana yake hakuulizwa au hakujibu. Watu wanajaza tupu zote kwa 0 ili ionekane safi, na ghafla nusu ya kisiwa hawatumii malema.

Bora zaidi ni kufanya swali liwe la lazima ila uweke machaguo ya "hajui" na "hakutaka kujibu". Ukilazimisha bila kuweka hayo machaguo karani atabonyeza chochote ili aende mbele, na hilo ni baya kuliko pengo kwa sababu halionekani.

Mbona programu yangu haionyeshi mapengo kabisa?

Kwa sababu nyingi zimewekwa zifiche. Nitapita haraka.

R: table haihesabu NA (alama yake ya pengo) mpaka uongeze useNA = "ifany", na kwenye factor, yaani safu ya kategoria, unaweza kutumia addNA ili NA iwe kundi. Angalia pia, ukisoma faili kwa read.csv seli tupu kwenye safu ya maneno haigeuki NA, inabaki neno tupu, utaona kundi lisilo na jina kwenye jedwali. Weka na.strings mwenyewe. Rigresheni kwa glm inatupa safu mlalo yenye NA hata moja, kwa hivyo kwenye summary tafuta mstari unaosema zimeachwa ngapi.

Python, pandas: value_counts na groupby zote zinaacha mapengo, ongeza dropna=False.

SPSS: kwenye majedwali ya frequencies kuna safu ya asilimia ya watu wote na nyingine ya waliojibu tu, na wanafunzi wananakili ya pili bila kusema.

Stata: pengo linahesabiwa kuwa kubwa kuliko namba yoyote, kwa hivyo ukisema elimu iwe 3 au zaidi, wasiojulikana wote wanaingia kama wasomi. Hii imeharibu kazi za watu wengi. Uzuri wake ina .a mpaka .z kwa hivyo unaweza kutenga hajui, kakataa na halimhusu.

Excel: kwenye pivot usihesabu ile safu yenye mapengo, hesabu safu ya namba ya fomu, la sivyo kundi la tupu litaonekana lakini bila idadi.

Nimeona 99 kwenye data ya zamani, na mwenzangu anasema nchi imepotea?

99, 88 na -9 ni misimbo ya zamani ya hajui na kakataa. Zitangaze kuwa mapengo kabla ya chochote, lakini weka nakala ya safu yenye misimbo ya asili maana 88 na 99 zilikuwa na maana tofauti. Na nchi iliyopotea itakuwa Namibia, msimbo wake ni NA na programu zinasoma kama pengo. Anayeshughulika na wageni wa hoteli za Malindi kwa misimbo ya nchi aliangalie hilo. Pandas kuanzia toleo la 2.0 hata neno None inalifanya pengo, kwa hivyo fomu ya Kiingereza yenye chaguo hilo inakulia jibu halali. Tumia keep_default_na=False na useme mwenyewe pengo ni lipi.

"Sijui" niiweke katikati ya skeli? Nina kukubali mpaka kukataa, 1 mpaka 5

Hapana. Tatu ni mtu aliyefikiria akasimama katikati. Asiyejua hajasimama popote.

Imputesheni nyingi inafaa kwa kategoria?

Inafaa, na kwa MAR ndo njia ninayoiamini. Badala ya kujaza pengo mara moja, unajaza mara kadhaa kwa bahati nasibu inayofuata uwezekano wa kila jibu kwa mtu wa aina ile, unapata mafaili mengi kamili, unachambua kila moja halafu unaunganisha. Tofauti kati ya mafaili ndo inakuambia hujui kiasi gani, na hiyo ndo ilikosekana kwenye kujaza kwa modi. Kwenye R, pakiti ya mice huchagua yenyewe njia ukishaweka safu ziwe factor: logreg kwa majibu mawili, polyreg kwa makundi yasiyo na mpangilio kama zana, polr kwa yaliyopangika kama elimu, mradi umeyaweka ordered factor. Kwa kawaida inatengeneza mafaili 5, mimi naweka 20 au zaidi mapengo yakiwa mengi.

Mambo mawili watu hukosea. Wanaacha jibu kuu la utafiti nje ya modeli ya kujazia wakidhani ni udanganyifu, kumbe ukiliacha nje unafifisha uhusiano unaoutafuta, liingize. Na wanageuza kategoria kuwa 0 na 1, wanajaza kama namba, wanapata 0.4 halafu wanaizungusha iwe 0, usifanye hivyo.

Ikiwa kategoria ina watu watatu tu, mfano juya kwenye diko dogo, modeli itayumba. Unganisha makundi kwanza kama yanaendana kimaana.

Kai-skweya je?

Kipimo hiki cha kuona kama kategoria mbili zinahusiana kitatumia waliojibu safu zote mbili tu, kwa hivyo andika n, yaani idadi ya watu, ya jedwali hilo. Kwenye imputesheni usichukue wastani wa p-value, kuna kanuni zake za kuunganisha.

Mapengo asilimia ngapi ndo mengi?

Watu wanataka namba moja na mimi siwapi. Asilimia 3 ya wanaoficha kitu kile kile unachokitafuta ni mbaya kuliko 20 zilizolowa maji. Ila hesabu hii uijue: ukiwa na maswali 10 na kila moja limekosa asilimia 5 tu, na mapengo hayafuatani, waliojibu yote kumi ni karibu asilimia 60. Kwenye watu 200 wamebaki 120 hivi, na hakuna swali hata moja lililoonekana baya.

Na watu ambao hawakupatikana kabisa?

Hilo ni pengo la mtu mzima na halionekani kwenye faili. Ukihoji wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, wavuvi wenye nguvu wako majini na utakaowakuta ni wazee na wagonjwa. Kusi ikichafua bahari wengi wako nyumbani. Kwa hivyo msimu wa kuhoji unachagua nani anaingia kwenye data. Andika orodha ya waliotafutwa na wasipatikane, hata jina la diko na aina ya chombo tu, utaweza kuwapa uzito waliojibu baadaye.

Naweza kumpigia mtu simu kujaza pengo?

Kama alikubali kutafutwa tena, ndiyo, na ndo dawa nzuri kuliko modeli yoyote. Kama hakukubali, acha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu mambo kama afya, imani, asili ya kabila na hali ya ndoa kuwa data nyeti, na hayo ndo maswali ambayo watu hunyamaza zaidi. Aliyesema hataki kujibu usimtafutie jibu kwa mlango wa nyuma, kwa mfano kubahatisha dini au kabila lake kutokana na jina halafu ukamwandikia. Mwache kwenye "hakutaka kujibu".

Kwenye ripoti niandike nini?

Kwa ule mfano wetu ningeandika hivi: "Kati ya wavuvi 200, 84 walisema wana leseni, 56 hawana, 60 hawakujibu, na 50 kati ya hao 60 ni wa diko la pili. Kwa waliojibu tu ni asilimia 60, tukirekebisha kwa diko ni 52, na bila kudhani chochote ni kati ya 42 na 72. Makarani wanaeleza kwamba diko la pili wengi walikataa swali hili." Ni mistari michache tu inatosha, na iweke kwenye ukurasa wa matokeo, usiisukume kwenye kiambatisho.